Je, Wajua? Siku Moja Kwenye Majabali ya Rasi ya Tumaini Jema

Je, wajua kwamba ukitoka Cape Town asubuhi kuelekea kusini, kiti ulichokalia ndani ya basi ndicho kitakachoamua utaona nini? Afrika Kusini magari hupita kushoto kama kwetu na dereva hukaa kulia. Ukishuka kwa njia ya pwani ya magharibi hadi Rasi ya Tumaini Jema, Bahari ya Atlantiki inakuwa mkono wako wa kulia karibu safari nzima. Wahi dirisha la upande wa dereva. Mwongoza watalii akipenda kuanzia upande wa pili wa rasi na kurudi kwa njia hii jioni, hamia kushoto. Mzunguko wote haufiki kilomita 200, lakini hukula siku nzima, na haupaswi kuharakishwa.

Je, wajua kuwa jua la huko huzama baharini? Mtu wa Tanga, Lamu au Bagamoyo amezoea kuliona likichomoza majini alfajiri. Cape Town jioni watu hujaa ufukweni Camps Bay kulitazama likizama. Na saa zake hazitulii kama zetu: Desemba huzama karibu saa mbili usiku, Juni huzama kabla ya saa kumi na mbili. Anayekwenda Juni aondoke mapema, la sivyo ataimaliza safari gizani.

Mnara wa taa wa Green Point, ule wa mistari myekundu na myeupe, uliwashwa mara ya kwanza mwaka 1824. Hakuna mnara wa taa mkongwe kuliko huo Afrika Kusini ambao bado unafanya kazi.

Mbele kidogo, Sea Point, kuna mawe ya ufukweni ambayo Charles Darwin aliyakagua mwaka 1836, meli ya Beagle ilipotia nanga Simon's Bay. Zamani sana graniti iliyoyeyuka ilipenya ndani ya mwamba mweusi uliokuwapo kabla yake, na mpaka wa mawe hayo mawili bado uko wazi: vipande vyeusi vimenaswa ndani ya graniti ya kijivu kama vilivyonaswa siku ile. Hakuna kiingilio wala foleni. Wengi hupita juu, kwenye njia ya matembezi, bila hata kuyatupia jicho.

Sasa tupunguze mwendo. Je, wajua kilicholala chini ya maji ya Clifton?

Clifton ni fukwe nne ndogo za mchanga mweupe, na nyumba zake ni miongoni mwa nyumba ghali kabisa barani Afrika. Mabasi mengi hupita hapo bila kusimama. Tarehe 27 Desemba 1794, meli ya Kireno iliyoitwa São José Paquete Africa iligonga mwamba karibu kabisa na ufukwe huo. Ilikuwa imetoka Kisiwa cha Msumbiji ikielekea Maranhão, Brazili, na tumboni mwake mlikuwa na watu zaidi ya 400 waliokuwa wakipelekwa kuuzwa. Nahodha na mabaharia wake walisalimika. Kati ya mateka, zaidi ya 200 walikufa maji. Waliotolewa hai waliuzwa tena palepale Rasini, siku chache tu baada ya kuokolewa.

Na meli ilitambuliwaje? Wazamiaji waliokuwa wakitafuta hazina miaka ya 1980 waliyaona mabaki yake wakadhani ni ya meli ya Kiholanzi ya zamani zaidi. Baadaye mwanaakiolojia Jaco Boshoff, wa makumbusho ya Iziko ya Cape Town, akayapata kwenye nyaraka maelezo ya nahodha mwenyewe kuhusu ajali ile. Lakini kilichokata mzizi wa fitina ni vyuma. Hati zilizohifadhiwa Lisbon zinaonyesha kwamba São José ilipoondoka Ureno mwaka 1794 ilipakia vipande 1,500 vya chuma, na vipande vya namna hiyo vikakutwa chini ya bahari Clifton. Vilikuwa farumi. Baharia yeyote wa jahazi anajua farumi ni kitu gani: uzito unaowekwa chini ili chombo kisipinduke. Binadamu ni wepesi kuliko shehena ya kawaida, hawatulii mahali pamoja, na katika safari zile wengi walikufa njiani. Kwa hiyo meli ya watumwa ilihitaji chuma cha kusawazisha uzito wao. Kuna mtu aliyekaa mezani akaipiga hesabu hiyo kwa kalamu, watu wangapi, chuma kiasi gani, kabla meli haijawaona watu wenyewe.

Juni 2015 wazamiaji waliingia baharini Clifton wakiwa na udongo uliotoka Mossuril, bara ya Kisiwa cha Msumbiji. Mkuu wa jadi wa Wamakua ndiye aliyeutoa, ndani ya chombo kilichopambwa kwa kauri, akiomba umwagwe pale walipolala watu wake. Wamakua hao ndio ambao jamaa zao tunao Masasi na vijiji vya jirani. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, Clifton ni makaburi ya ndugu. Mwombe mwongozaji asimamishe gari hata kwa dakika tano. Muda wa kutosha wa kuwaona pengwini mwisho wa safari utabaki.

Je, wajua kwamba maji ya pwani hiyo huwa baridi zaidi wakati wa joto? Januari, jua likiwa kali, maji ya Clifton na Camps Bay huweza kushuka hadi nyuzi 10 au 12. Ni kazi ya upepo wa kusini mashariki. Kwetu kusi huvuma katikati ya mwaka. Huko upepo wa upande huo hushika kasi kuanzia Novemba hadi Februari. Hupeleka maji ya juu bahari kuu, na maji ya vilindini hupanda kuziba nafasi. Maji hayo ya baridi yana rutuba nyingi. Ndiyo yanayokuza samaki wadogo wa jamii ya dagaa, na hao ndio chakula cha sili, ndege, na samaki wakubwa. Ubaridi unaomtoa muogaji mbio ndio unaojaza nyavu za wavuvi.

Mtu wa Unguja atagundua jambo jingine: maji hayatoki mbali. Unguja wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kama mita 4. Cape Town ni kiasi cha nusu ya hapo, na mwambao wenyewe umesimama wima. Ule utamaduni wetu wa akina mama kutembea mbali kwenye maji kupwa wakitafuta pweza, huko haupati mahali pa kukanyaga.

Milima inayosimama nyuma ya Camps Bay inaitwa Mitume Kumi na Wawili. Ukivihesabu vilele vyake vinazidi 12.

Hout Bay ni bandari ya wavuvi, na hapo boti huchukua watalii hadi Duiker Island kuwaona sili wa Rasi, wamelala wamebanana juu ya mawe. Harufu yao hukufikia kabla ya sauti. Juu ya mwamba kando ya ghuba amekaa chui wa shaba, kazi ya mchongaji Ivan Mitford-Barberton ya mwaka 1963. Chui halisi walikwisha zamani kwenye milima hiyo.

Je, wajua kuwa barabara ya Chapman's Peak ina kona 114 ndani ya kilomita 9? Ilichongwa kati ya mwaka 1915 na 1922, na wafungwa ni miongoni mwa walioichonga. Ukishuka kwenye mojawapo ya vituo vyake, usikimbilie ukingoni kupiga picha kabla hujageuka ukautazama mlima. Chini utaona graniti ya rangi ya kijivu, yenye chembechembe kubwa, umri wake zaidi ya miaka milioni 500. Juu yake kuna matabaka membamba ya mawe ya mchanga na udongo mgumu, mekundu yanayoelekea zambarau, yamelala moja juu ya jingine. Mpaka wake ni mstari ulionyooka unaoweza kuufuata kwa kidole. Wajenzi waliufuata mstari huohuo: graniti ngumu ikawa sakafu ya kubeba barabara, mawe laini ya juu yakachongwa kupata nafasi. Ndiyo sababu barabara inaning'inia pale hasa ilipo, si juu zaidi wala chini zaidi.

Mawe laini nayo yana gharama yake. Yalikuwa yakiporomoka na kuua watu, hadi mwaka 2000 barabara ikafungwa. Ilifunguliwa tena Desemba 2003 ikiwa na nyavu za chuma, paa la zege lililojengwa ubavuni mwa mlima, na tozo kwa kila gari. Hali ya hewa ikichafuka hufungwa, na mwongozaji mzuri huuliza kabla ya kuondoka mjini.

Mwaka 1900, meli ya mvuke Kakapo ikiwa katika safari yake ya kwanza kabisa kwenda Australia ilipanda mchangani kwa kasi kwenye ufukwe wa Noordhoek. Inasemekana kwamba katika hali mbaya ya hewa kilele cha Chapman kilidhaniwa kuwa ndicho ncha ya rasi, meli ikakata kushoto ikiamini imekwishaivuka. Ncha yenyewe ilikuwa bado iko mbele sana. Birika lake la mvuke bado limekaa mchangani, mbali kidogo na maji, limeliwa na kutu.

Karibu na Kommetjie kuna mnara wa taa wa Slangkop wa mwaka 1919, mita 33 za chuma tupu, mweupe pee. Na nyuma ya Kommetjie kuna kitongoji kinachoitwa Ocean View ambacho mabasi ya watalii hukiacha pembeni. Serikali ya ubaguzi ilikianzisha mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1967 mji wa Simon's Town, ng'ambo ya mlima, ulitangazwa kuwa wa Wazungu peke yao, na maelfu ya watu walioitwa machotara, ambao babu zao walizaliwa pale wakivua na kufanya kazi kiwandani kwa jeshi la maji, wakahamishwa kwa nguvu. Waafrika weusi walikuwa wameshatangulia kuondolewa na kupelekwa Gugulethu. Watu waliokuwa wakiamka na bahari mlangoni walipewa nyumba bara, nyuma ya vilima, mahali palipopewa jina la kuiona bahari. Mimi naona mwongozaji anayepita njia panda ya Ocean View bila kulisema hilo hajaifanya kazi yake.

Baada ya hapo ni lango la hifadhi ya Rasi ya Tumaini Jema, hekta 7,750 za vichaka vifupi, mawe na upepo. Je, wajua kwamba vichaka hivyo visivyozidi kiuno cha mtu vina aina zaidi ya 1,000 za mimea? Uoto huo huitwa fynbos. Ukanda mzima wa Rasi una takriban aina 9,000 za mimea, na kiasi cha theluthi mbili yake haioti popote pengine duniani. UNESCO iliuweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2004. Uoto huo unauhitaji moto: kuna mbegu ambazo hukaa ardhini miaka mingi zikingoja, na moshi ndio unaoziamsha. Ukiona mlima umeungua ukabaki mweusi, usiulilie haraka. Rudi baada ya mvua.

Funga madirisha ya gari. Nyani wa huko wanajua kufungua mlango, na kuwalisha ni kosa la jinai. Lakini wakiwa mbali na watu wana tabia inayowashangaza hata wataalamu: hushuka ufukweni maji yakipwa wakabandua kome na viumbe wengine wa magamba kwenye mawe, wakala. Mbuni nao utawakuta wakitembea kando ya mawimbi. Na yule swala wa kahawia mwenye uso mweupe ni bontebok. Mwaka 1931 hifadhi yake ya kwanza ilipoanzishwa, iliwekewa wanyama 17 tu.

Je, wajua kwamba bahari mbili hazikutani hapo? Utaambiwa zinakutana, na kuna watu watakaokuonyesha mstari wa rangi mbili majini. Mpaka unaotambuliwa kimataifa kati ya Atlantiki na Bahari ya Hindi uko Cape Agulhas, kwenye longitudo ya nyuzi 20 mashariki, zaidi ya kilomita 100 kusini mashariki ya hapo. Rasi ya Tumaini Jema ni ncha ya kusini magharibi ya bara la Afrika, si ya kusini kabisa. Kwa hiyo hata ule upande wa pili wenye maji ya uvuguvugu, False Bay, kwenye ramani bado ni Atlantiki.

Bartolomeu Dias, anayesifiwa kwa kuizunguka rasi hiyo mwaka 1488, aliipita bila kuiona. Alikuwa mbali baharini. Alipotia nanga alikuwa amekwisha kufika Mossel Bay, upande wa mashariki, na rasi aliiona wakati wa kurudi. Mwaka 1500 alipotea na meli yake katika dhoruba kwenye bahari hizohizo.

Vasco da Gama alipita Novemba 1497. Aprili 1498 alikuwa Mombasa, kisha Malindi, na rubani aliyempata Malindi ndiye aliyemvusha hadi India. Nguzo ya Wareno bado ipo Malindi. Rasini nako kuna misalaba miwili mikubwa, mmoja wa Dias na mwingine wa da Gama, nayo haikuwekwa kwa ukumbusho pekee: ukiwa baharini ukaiona imepangana mstari mmoja, mstari huo unakuelekeza kwenye Whittle Rock, mwamba wa hatari uliojificha ndani ya False Bay.

Kuna minara miwili ya taa Cape Point, na wa pili uliletwa na kosa la wa kwanza. Mnara wa zamani ulianza kuwaka mwaka 1860, mita 238 juu ya bahari. Ulikuwa juu mno. Mara kwa mara ukungu na mawingu yaliuzingira, na mabaharia waliouhitaji zaidi hawakuuona. Usiku wa tarehe 18 Aprili 1911 meli ya abiria ya Kireno, Lusitania, iligonga Bellows Rock, kusini kidogo ya ncha. (Si ile Lusitania ya Waingereza iliyozamishwa na Wajerumani mwaka 1915.) Baada ya hapo ukajengwa mnara mpya chini zaidi, mita 87 tu juu ya maji, ukawashwa mwaka 1919. Hakuna taa yenye nguvu kuliko hiyo kwenye pwani yote ya Afrika Kusini. Leo kigari cha reli kinachovutwa kwa waya wa chuma hukupandisha hadi karibu na mnara wa zamani. Mwenye magoti mazima apande kwa miguu.

Ukiwa juu pale, hesabu meli. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869 ulizipunguza, lakini tangu mwishoni mwa mwaka 2023, mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalipoanza, kampuni nyingi zilirudisha meli zao kwenye njia hii ya zamani.

Mwani mkubwa unaoelea kando ya mawe una shina tupu ndani, refu kuliko nyumba ya ghorofa mbili. Ukizama chini yake ni msitu. Humo ndimo mtengeneza filamu Craig Foster alimofuatana na pweza mmoja jike siku baada ya siku, na filamu yake, My Octopus Teacher, ikapata tuzo ya Oscar mwaka 2021.

Halafu pengwini, ambao wengi wamewalipia safari nzima. Je, wajua kwamba Boulders, karibu na Simon's Town, walianza kwa jozi mbili mwaka 1982? Waliongezeka hadi maelfu, katikati ya nyumba za watu. Mwangalie mmoja kwa makini: juu ya jicho ana ngozi ya waridi isiyo na manyoya. Joto likizidi, damu hukimbilia hapo kupoa, na waridi hukolea. Sauti yake ni ya punda kabisa.

Mwaka 2000 meli Treasure ilizama kati ya visiwa vya Robben na Dassen, kaskazini ya hapo, ikamwaga mafuta. Waokoaji walikuwa na ndege wapatao 19,500 ambao bado walikuwa safi, na bahari chafu ikiwasubiri. Wakawapakia kwenye malori hadi Port Elizabeth, mamia ya kilomita mashariki, wakawaachia majini wajirudie wenyewe. Walipokuwa wakiogelea kurudi nyumbani, watu walikuwa wakisafisha mafuta. Watatu kati yao, Peter, Pamela na Percy, walifungwa vifaa vya satelaiti, na nchi nzima ikawafuatilia wakirudi.

Hata hivyo, Oktoba 2024 pengwini wa Afrika aliwekwa kwenye daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, na jozi zinazozaa zimebaki chini ya 10,000. Njaa ndiyo adui mkubwa: samaki wadogo anaowategemea wamepungua, na nyavu za biashara zinawagombania. Machi 2025 Mahakama Kuu ya Pretoria iliidhinisha makubaliano ya kuzuia uvuvi huo kuzunguka makoloni sita kwa miaka 10. Boulders haimo kati ya hayo sita.

Simon's Town kila mtu atakuonyesha sanamu ya Just Nuisance, mbwa pekee aliyewahi kuandikishwa rasmi katika Jeshi la Maji la Uingereza, mwaka 1939. Wachache watakwambia kwamba jeshi hilohilo, katika karne ya 19, liliajiri mabaharia kutoka Unguja na pwani yetu, likiwaita Sidi, wakafanya kazi za makaa na kamba katika meli zilizotumia bandari kama hii. Msikiti wa mji bado upo mtaani, na bado huadhiniwa humo, ingawa wengi wa waumini wake walihamishiwa mbali. Ukiwa na nusu saa, iache sanamu, panda ngazi uende msikitini.

Na la mwisho, la kuulizwa kabla ya kutoa pesa: kwa sheria ya Afrika Kusini, mwongoza watalii lazima awe amesajiliwa, na hupewa beji na kitambulisho. Mwombe akuonyeshe, kisha muulize ataanzia upande gani wa rasi, ndipo uchague kiti.